Ni makuta inakosa, ao ni woga? Kinachowazuia vijana wenye diplome kuingia chuo kikuu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, hapa Kindu kelele zinasikika toka Kasuku mpaka Mikelenge, na hata ngambo ya mto kule Alunguli. Watoto wanamwagiana poda kichwani, wamama wanapiga vigelegele, wenye pikipiki wanapiga honi bila kuchoka. Siku mbili, tatu, ni furaha tupu. Kisha mjomba ao jirani anauliza: "Sasa utaenda kusomea nini?" Hapo wengi wananyamaza.

Ukisukuma kidogo, jibu linalokuja ni lile lile: "Makuta hakuna." Na mtu akisha kusema vile, hakuna anayeuliza tena, sababu sisi wote tunajua maisha ya hapa gisi iko. Kwa familia nyingi ni jibu la kweli kabisa, na mimi siwezi kulicheka.

Lakini si kweli kwa kila mtu. Naweza kusema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nililitumia hilo jibu, na lilikuwa uongo.

Siku nilipovuka mto bure

Mimi ni mtoto wa Alunguli. Nilimaliza darasa la sita ya segondari mwaka 2009, opsio ya pedagojia, nikapata diplome na 53%. Mama yangu ni muuzaji wa mchele. Mwaka mzima alikuwa anaweka feza kidogo kidogo ndani ya mkebe wa maziwa, bila kutuambia. Matokeo yalipotoka, alifungua mkebe mbele yangu, tukahesabu pamoja. Zilitosha kwa kujiandikisha na kwa kulipa sehemu ya kwanza ya minervali.

Asubuhi nilipanda mtumbwi na dosye yangu ndani ya sashe, nikavuka. Nilipofika nilisimama kwenye mustari pamoja na wengine. Mbele yangu vijana wawili walikuwa wanabishana kwa Kifaransa, haraka haraka, huku wanacheka. Pembeni kulikuwa dada mmoja amevaa vizuri sana. Nikaangalia sandali zangu. Nikafikiri: kwa segondari mimi Kifaransa nilikuwa nanakili toka ubaoni, sikuwa nakiongea. Na hii 53% yangu, nikiulizwa nitasema nini? Hawa watajua mara moja kwamba mimi si mtu wa hapa.

Hakuna aliyenifukuza. Hakuna hata aliyeniangalia. Nilitoka tu kwenye mustari, nikaenda kukaa kando ya mto mpaka saa tisa, kisha nikarudi nyumbani na kumwambia mama: "Wameongeza bei. Haitoshi."

Mama aliweka mkono kichwani, akakaa chini. Ile feza ikarudia biashara ya mchele. Mimi nikajifunza kushona, kisha nikafuata mafunzo ya miezi michache ya uandishi wa habari, na njo vile nilifika kwenye redio. Kazi hii naipenda. Lakini kila mwaka matokeo yakitoka na mimi nikichukua mikro ili kuongea na wenye kufaulu, ninakumbuka ule mustari.

Woga unatoka wapi?

Wengi wanazani mwenye kuogopa ni mvivu ao ni mtu asiye na akili. Wataalamu wa mambo ya akili na moyo wanatuonyesha kinyume. Mwaka 1978 kule Marekani, wanawake wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliosoma sana, wenye diplome kubwa na kazi nzuri, lakini ambao ndani ya moyo waliamini kwamba wamedanganya watu. Walifikiri walifaulu kwa bahati, ao mwalimu alikosea kuhesabu, na siku moja wote watagundua. Yaani hata wenye kufika juu kabisa wanasikia ile sauti. Kuisikia si alama kwamba huna uwezo.

Kwetu kuna sababu nyingine, na iko katika historia. Wakati wa wakoloni Wabelgiji, shule kwa Mkongomani ilikuwa kwanza shule la msingi, na wachache tu walipita mbele. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, kilifuata mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diplome ya chuo kikuu hawakufika hata 30 katika Kongo nzima.

Tufikiri vizuri hiyo hesabu. Ni kusema kwamba babu na bibi wa karibu sisi wote hawakuona hata mtu mmoja wa kwao anaingia chuo kikuu. Kwa hiyo, mtoto wa leo akisema "masomo ya juu ni ya watu wengine", anarudilia jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa kweli. Shida ni kwamba leo si kweli tena, lakini maneno yamebaki ndani ya nyumba.

Na hata wakati ule kulikuwa lazima mtu wa kwanza. Thomas Kanza alipata diplome yake ya chuo kikuu Ubelgiji mwaka 1956, wa kwanza kati ya Wakongomani wasio mapadri. Dada yake Sophie Kanza alipata yake Geneva mwaka 1964, mwanamke Mkongomani wa kwanza, na mwaka 1966 akakuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Kabla yake, msichana hakuwa na mtu wa kutazama na kusema: kama yule ameweza, na mimi nitaweza.

Swali moja la kujipima

Namna gani mtu anaweza kujua kama shida yake ni feza ao ni woga? Mimi ninatumia swali moja. Jiulize, peke yako, bila mtu kusikia: "Kama leo jioni mtu ananipa makuta yote ya mwaka, kesho asubuhi nitaenda kujiandikisha?"

Kama moyo unaruka kwa furaha na unaanza kutafuta viatu, basi shida yako ni feza kweli, na tutaongea juu yake hapa chini. Lakini kama mara moja unapata sababu nyingine, "lakini Kifaransa changu", "lakini niko na miaka mingi", "lakini nani ataangalia watoto", ujue kwamba feza ilikuwa mlango wa mbele tu. Nyuma yake kuna mambo mengine yanakungoja, na kila moja ina jibu lake.

Asilimia kidogo. Diplome ya serikali inapatikana kuanzia 50%. Mwenye 52% na mwenye 75% wote wako na diplome. Ni kweli kwamba kuna fakulte zinazofanyisha mtihani wa kuingia, na zingine zinaangalia asilimia, zaidi upande wa uganga. Lakini fakulte na institiuti za hivyo si zote. Uliza kabla ya kujihukumu.

Kifaransa. Hapa hatutadanganyana: masomo ya juu yanatolewa kwa Kifaransa, na mtoto aliyesoma kijijini anateseka miezi ya kwanza. Lakini angalia vizuri. Katika oditwari, yaani kile chumba kikubwa cha masomo, wengi wanaonyamaza wananyamaza kwa sababu ileile yako. Kifaransa cha fakulte ni maneno yanayorudi kila siku. Mwenye kusoma uchumi anakutana na maneno yale yale ya uchumi mpaka yanazoea kinywa chake. Anza sasa, kabla ya mwaka wa masomo: sikiliza habari za Kifaransa kwenye redio kila asubuhi, andika maneno kumi, uyatumie na rafiki bila kuogopa makosa. Kiswahili chako si aibu. Katiba yetu inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Umri. "Nitakaa na watoto wadogo, batanicheka." Dokta Denis Mukwege wa Bukavu, ambaye dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, alitetea kitabu chake cha doktora huko Bruxelles mwaka 2015. Alikuwa na miaka 60. Alikuwa tayari muganga anayejulikana pote, na bado alikubali kukaa mbele ya maprofesa wamuulize maswali. Kama yeye hakuona haya kwa miaka 60, wewe wa miaka 27 unaficha uso kwa nani?

Kuwa mwanamke. Hii inasemwa waziwazi ndani ya nyumba: "Mutoto mwanamuke ataolewa, masomo itasaidia bwana yake." Msichana akisikia hivyo toka udogo, mwisho anajiambia mwenyewe bila mtu kumwambia. Hapa woga hauishi kwa msichana peke yake. Lazima baba na mama wabadilishe maneno. Mzazi anayesoma hapa, neno lako moja jioni kwa meza linaweza kuwa na nguvu kuliko mafundisho yote ya redio.

Kushindwa. Wengi wanaogopa kurudilia mwaka mbele ya jirani. Ni vizuri kujua kwamba mpango wa masomo umebadilika. Zamani ilikuwa grade ya miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Leo tuko katika mpango wa LMD: lisansi ni miaka mitatu, masta miaka miwili, kisha doktora. Kila mwaka una krediti 60, na lisansi nzima inafanya krediti 180. Masomo uliyoshinda, krediti zake zinabaki zako. Kuanguka katika somo moja si kusema kwamba kazi yote ya mwaka imepotea. Kushindwa kunaweza kukufikia, ndiyo. Lakini ni jambo la kutengeneza.

Namna moyo unavyopata nguvu

Mtaalamu mwingine, Albert Bandura, aliyezaliwa Canada na kufundisha Marekani, aliandika mwaka 1977 juu ya namna mtu anavyofikia kuamini kwamba anaweza jambo. Alitaja njia ine. Ninazieleza kwa mifano ya hapa kwetu.

Ya kwanza, na ndiyo yenye nguvu zaidi, ni kufanya jambo dogo na kulifaulu. Usianze na kusema "nitakuwa muganga". Anza na kwenda kuuliza bei ya fishi ya kujiandikisha. Siku nyingine, tafuta cheti kimoja kinachokosa. Siku nyingine, ingia katika eneo la chuo, tembea, rudi nyumbani. Kila kitu kilichofanyika kinaondoa kipande cha woga.

Ya pili ni kuona mtu anayefanana na wewe anafaulu. Si lazima waziri. Mtafute yaya wa mtaani kwako aliye mwaka wa pili, ambaye mama yake pia anauza sokoni. Muulize: ulilipa namna gani? Uliogopa nini? Atakusaidia kuliko mtu mkubwa wa Kinshasa.

Ya tatu ni maneno ya watu unaowaamini. Mwalimu wa zamani, shangazi, kiongozi wa kanisa ao wa msikiti. Lakini maneno matupu ya "utaweza tu" hayadumu. Bora mtu akwambie: "Nilikuona ukifundisha wadogo zako hesabu, kwa hiyo naamini unaweza pedagojia."

Ya ine ni namna tunavyosoma mwili wetu. Moyo ukidunda, mikono ikitoka jasho, tunasema: "Unaona, mwili wangu unakataa." Lakini mwili unadunda hivyo hivyo kabla ya harusi na kabla ya mechi. Mimi mpaka leo, kabla taa nyekundu ya studio kuwaka, tumbo linanishika. Hata hivyo ninaongea. Kama ningengoja woga uishe kwanza, hamungewahi kusikia sauti yangu.

Na kama shida ni makuta kweli?

Hapo tusimlaumu mtu. Lakini hata feza inahitaji kuhesabiwa, maana bei isiyojulikana kila mara inaonekana kubwa. Wengi wanasema "ni bei kali" bila hata siku moja kuuliza kwa sekretaria. Uliza mambo manne: kujiandikisha ni ngapi, minervali ya mwaka ni ngapi, inalipwa kwa sehemu ngapi, na tarehe za kila sehemu. Uliza pahali zaidi ya pamoja, sababu chuo kikuu, institiuti ya pedagojia na institiuti ya uganga havina bei moja. Uliza pia kama kuna masomo ya mangaribi kwa wenye kazi.

Ukisha kupata hesabu, igawanye kwa miezi. Wamama wa soko wanajua likelemba: kila mmoja anatoa, na kwa zamu mmoja anabeba yote. Familia inaweza kupanga zamu yake iangukie mwezi wa kujiandikisha. Wengine wanafanya kazi mwaka mmoja kwanza, wanaweka feza, kisha wanaingia. Mwaka mmoja wa kungoja ukiwa na hesabu mkononi si sawa na miaka kumi na tano ya kungoja bila kujua unangoja nini.

Tuseme pia ukweli mwingine: diplome ya chuo kikuu haitoi kazi yenyewe. Tunawajua walisansie wanaouza mikopo ya simu. Na kuna fundi chuma ambaye analisha familia vizuri. Mwenye kuchagua ufundi kwa kuupenda, amechagua vizuri. Kinachoumiza ni kuacha masomo kwa kukimbia, kisha kuyaita makuta.

Uongo wangu ulifika mbali

Mwaka huu nimeandaa tena dosye yangu. Ninataka kusoma masomo ya habari na mawasiliano, kwa kuwa kuna mambo mengi ya kazi yangu ninayafanya kwa kukisia. Kabla ya kuandika haya, nilivuka mto nikamweleza mama ukweli: hawakuongeza bei, mimi njo nilikimbia.

Hakukasirika juu ya feza. Alinyamaza muda, kisha akasema: "Sasa ule mutoto wa jirani?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba tangu mwaka ule, kwa soko, kila mama aliyeongea juu ya masomo ya mtoto wake, yeye alikuwa anamwambia asijisumbue, wale watu wanapandisha bei siku ileile, masomo ni ya watoto wa wakubwa. Jirani yetu alikuwa na binti aliyepata diplome miaka miwili nyuma yangu, na alikuwa na feza kidogo. Alisikia maneno ya mama yangu, akaacha.

Sikujua hilo. Nilizani ule uongo ulinigusa mimi peke yangu.

Juma lililofuata nilienda kumtafuta yule binti. Leo ni mama wa watoto watatu, anauza mafuta ya mawese na samaki. Nilikaa karibu na meza yake nikamweleza yote, pole pole, na nikamwomba anisamehe. Aliendelea kupanga chupa zake bila kuniangalia. Mteja alikuja, akanunua, akaenda. Halafu akauliza: "Na dosye, banaomba nini?"

Nikamjibu, na nyinyi wasomaji pia ninawajibu, sababu labda swali ni lenu. Kwa kawaida wanaomba: diplome ya serikali ao atestasio yake, biletini za darasa la tano na la sita ya segondari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha muganga, na picha pasiporti. Kila chuo kinaweza kuongeza karatasi yake, kwa hiyo upite kwanza kwa sekretaria kabla ya kulipa kitu chochote, na kila unacholipa uombe risiti.

Alisema biletini ya darasa la sita haioni tena, labda mvua iliiharibu. Nikamwambia shule la segondari linaweza kuwa na nakala. Tumepatana kwenda kuiomba pamoja.